Sahihi Yenye Mkia

Ilianza Alhamisi, saa kumi kasoro dakika kumi, mbele ya meza ya sekretari wa shule ya msingi anakosoma mdogo wangu. Baba alikuwa ameinama anatia sahihi kwenye orodha ya wazazi waliofika mkutanoni. Aliitia jinsi anavyoitia siku zote, mstari mmoja wa haraka, kama mtu anayefuta kitu. Sekretari akaitazama. Akafungua daftari la mdogo wangu lililokuwa pembeni yake, akatazama na humo, akarudi kwenye orodha.

"Baba, weye ni nani ya huyu mutoto?"

"Minye njo baba yake."

"Baba yake mwenyewe ao baba mudogo?"

"Mwenyewe. Nilimuzaa."

Waliosimama nyuma yetu wakacheka. Sekretari hakucheka.

"Direkta ataita baba ya huyu mutoto mbele ya bantu, na alinikataza kuingiza muntu mwingine pa jina yake. Baba ya huyu mutoto anasinya hivi." Akamgeuzia daftari.

Nilikuwa nyuma ya bega la Baba, nimemshika mdogo wangu mkono. Sahihi iliyokuwa kwenye daftari ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeitia karibu kila siku ya shule, mwaka wa pili sasa: herufi moja kubwa, ya pili imeiegemea, na mwishoni mkia mrefu unaoshuka na kurudi chini ya jina lote. Niliipenda kwa sababu ilionekana sahihi ya mtu mwenye nafasi.

Baba aliitazama kwa muda. Kisha akageuka akanitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Nikatazama viatu vyangu. Niliposikia kalamu ikikwaruza nikainua macho: alikuwa amekata sahihi yake na sasa anachora ya kwangu, polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, mpaka mkia wote.

"Njo ile," sekretari akasema. "Ulikuwa na haraka, Baba. Muingie."

Mimi si mtu wa kusema. Hata darasani, nikijua jibu, nangoja mwingine aseme. Lakini kuandika naweza, na kuandika ndiko kulikoniingiza katika mambo haya, kwa hiyo afadhali nieleze yalivyokuwa.

Mwaka jana mdogo wangu alipokuwa darasa la pili, mwalimu alianza kudai kila daftari la mawasiliano lirudi na sahihi ya mzazi. Sisi tunaliita kaye. Mwalimu anaandika humo kazi ya nyumbani na malalamiko yake, mzazi anatia sahihi kuonyesha ameona. Siku ya kwanza Baba alikuwa ametoka kiwandani, analala. Mama alikuwa anaosha sufuria zake za chikanda. Anauza chikanda sokoni, ile mizizi ya porini inayotwangwa pamoja na karanga na kupikwa mpaka ishikamane na kukatwa vipande kama mkate.

"Mama, kaye inataka sinyatire."

"Sinya weye. Uko mukubwa."

"Wanataka ya mzazi."

"Na minye nani alikuambia niko naikala bure? Mwalimu hakuya hata siku moja ku soko kunisaidia kuuza. Juu ya nini minye nimusaidie kufundisha? Sinya, mambo iishe."

Nikatia sahihi. Niliijaribu kwanza nyuma ya kalenda ya zamani, mara nyingi, mpaka ikatulia.

Mwaka huu mdogo wangu aliingia darasa la tatu, ambako Kiswahili kinaachwa na masomo yote yanageuka Kifaransa. Ndipo alipokwama. Alikuwa anatazama picha ya mbuzi, anasema "chèvre", na maneno mengine ya mstari anayatunga mwenyewe kwa furaha. Mwalimu akaandika kwenye kaye: Wazazi, mfuatilieni mtoto. Baada ya juma moja: Wazazi, shule peke yake haitoshi. Mwalimu huyo ana watoto wanne kila benchi. Kwenye mkutano wa mwanzo wa mwaka, ambao Mama alinituma niende kwa niaba yake, nilimsikia akiwaambia wazazi, kwa mfano wa kinga, yaani baiskeli: "Munaniletea batoto kama vile muntu anaacha kinga yake kwa fundi. Asubuhi munaacha, jioni munakuya kuuliza kama imepona. Mutoto haiko kinga. Akitoka kwangu, na kule nyumba mumushike." Mama mmoja akajibu kwamba fundi wa kinga angalau hamrudishii mwenye kinga kazi. Wote wakacheka, na mwalimu akacheka, na hakuna kilichobadilika.

Nilirudi, nikamweleza Mama. Akasema masomo ni kazi ya walimu. Nikamweleza Baba. Akasema, "Uliza yaya yake," akasahau kwamba yaya, yaani dada mkubwa, ni mimi niliyesimama mbele yake.

Basi nikaanza. Kila jioni saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili, mimi na mdogo wangu mezani, Baba kwenye kiti chake karibu na mlango, macho yamefungwa, mikono juu ya tumbo. Nilikuwa nafunika picha kwa kiganja ili asibahatishe maneno. Akiruka neno namrudisha. Akilia namwacha alie, namfunika picha nyingine. Baadaye nilikuwa naandika kwenye kaye, kwa Kifaransa, kwa jina la Baba: Mwalimu, leo saa kumi na moja amesoma mistari minne, anaruka maneno mafupi ya katikati. Mwalimu, kazi haikuisha, nilichelewa kumwita, kosa ni langu. Naye mwalimu alikuwa anajibu. Mara ya kwanza neno moja, "Asante". Kisha mistari miwili. Siku moja aliandika kwamba katika darasa zima ni mimi tu ninayemjibu, yaani Baba.

Na saa hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ya kusoma. Niko darasa la mwisho la sekondari, mtihani wa serikali umebaki majuma machache. Kabla ya saa kumi na moja nateka maji na kufua. Saa kumi na mbili Mama anarudi na lazima bukari, ugali wetu, iwe motoni. Baada ya kula, kichwa changu hakishiki kitu, nasoma ukurasa mmoja wa kemia mara tatu na mara ya tatu ni kama sijawahi kuuona. Nimeanguka mtihani wa hesabu mara mbili mfululizo. Sikutaka mengi. Nilitaka mtu anichukulie saa moja tu, ile ya kumi na moja.

Jumanne barua ikaja kutoka kwa direkta: baba wa mtoto afike Alhamisi, shukrani zitatolewa kwa mzazi anayefuatilia. Nilifikiri Baba atauliza anashukuriwa kwa lipi. Hakuuliza. Alipiga pasi shati lake jeupe. Nikajiambia, atajua hukohuko. Atakasirika, labda atanipiga kofi. Halafu, kwa kuwa amejua, atalazimika kuchukua kaye. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kulitamani hilo kofi.

Ndiyo maana pale mezani, alipochora mkia wangu, nilianza kuona hilo kofi likienda mbali, na kaye ikibaki kwangu.

Tukaketi benchi la mbele. Baada ya maombi na hotuba ndefu kuhusu vyoo, direkta alisimama na kaye ya mdogo wangu mkononi. Akasema atasoma maneno ya baba mmoja, akiyageuza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. Akasoma lile la maneno mafupi ya katikati. Akasoma lile la mtoto aliyelia mbele ya ukurasa wa samaki. Kisha akavua miwani.

"Sikieni hii. 'Kosa ni langu.' Ni baba gani hapa Likasi aliandika kosa ni langu? Hata kwa bibi yake haiandikake."

Ukumbi ukacheka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Huyo anatoka wapi, tumupeleke kwetu akafundishe bengine." Mdogo wangu akanivuta sikio aninong'oneze: "Ya, ni kaye yangu." Nikamwambia ndiyo, nyamaza.

Direkta akamwita Baba aseme neno.

Baba alisimama. Mikono hakujua aiweke wapi, akaishika nyuma. Nikajua sasa atasema: siyo mimi, ni mtoto wangu wa kike. Sekunde chache niliona wepesi kwenye mabega, kama mtu anayetua ndoo kutoka kichwani.

"Bazazi," akasema, "minye sina maneno mingi. Kama natoka ku kazi, mugongo inaniuma kama nyinyi wote. Lakini naita mutoto. Namuambia, leta kaye. Tunaikala."

Watu wakaitikia.

"Mutoto wa sasa ni mujanja. Anaona picha ya mbuzi, anasema mbuzi, unafikiri anasoma. Hasomi. Unapashwa kufunika ile picha na mukono. Hivi." Akanyoosha kiganja, akakiweka juu ya hewa, vidole vimebanana, kidole gumba ndani, kabisa jinsi mimi ninavyokiweka. "Na kama analia, usimupige, usimubembeleze. Unangoya. Unafunika ingine."

Walimu walikuwa wanaandika. Sikumbuki alimaliza vipi. Nilikuwa bado kwenye kile kiganja. Hakuna mtu aliyemweleza Baba kuhusu kufunika picha. Kwenye kaye sijawahi kuliandika. Basi jioni zote zile, kwenye kiti karibu na mlango, macho yamefungwa, alikuwa macho.

Wakampigia makofi. Mkutano ulipovunjika mwalimu wa mdogo wangu akaja, kijana mwembamba, shati lake limeliwa kwenye kola. Alimshika Baba mikono yote miwili.

"Baba, nyumba yenu iko karibu na ya bale batoto babili, mapacha. Na bao hawasomi. Naomba, kama unafundisha mumoja, ufundishe na bale. Ile saa yenu ya kumi na moja."

"Bakuye tu," Baba akasema. "Hata kesho bakuye."

Alisema hivyo, bila kunitazama, na tabasamu ambalo sijaliona nyumbani tangu nilipokuwa mdogo. Direkta akamrudishia kaye. Baba akaibeba kwapani njia nzima.

Tulitembea. Malori ya madini yalikuwa yanapita barabara kubwa na kutuachia vumbi jekundu, kwa hiyo tukashika njia ya ndani, mdogo wangu mbele akirukaruka. Baba ndiye aliyeanza. Mimi ananiita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mama, ulianza lini kunisinyia?"

"Mwaka jana."

"Na ule mukia?"

"Sahihi yako haina kitu. Niliona inahitaji."

"Ni muzuri kupita yangu." Akatembea kidogo. "Ilinipa taabu."

Nilijua nisiposema hapo sitasema tena.

"Baba, wale mapacha, nani atawafundisha?"

"Shi weye."

"Mtihani wangu uko karibu."

"Weye uko na kichwa. Batoto batatu ao mumoja, haina tofauti, unasoma sauti moja, bote banasikia."

"Kwa nini umesema ni wewe unafundisha?"

Alimwita mdogo wangu asubiri, tukavuka reli pamoja.

"Ungetaka niseme nini mbele ya bale bantu? Niseme siyue kintu kinapita ndani ya nyumba yangu?"

"Lakini unajua. Ulionyesha mkono."

"Macho inafungana, mama. Masikio inabakia." Akahamisha kaye kwapa la pili. "Na jicho moja mara ingine."

Akaendelea mwenyewe, kwa sauti ya chini, mdogo wangu asisikie.

"Minye niliachia masomo mwaka ya pili ya sekondari. Kifaransa yangu ilibakia kule. Kazini ni 'leta', 'fungua', 'funga', basi. Siku moja ulimuuliza huyu mutoto neno fulani, na minye pa kiti nikajibu ndani ya roho. Yeye akajibu ingine. Ya kwake ilikuwa sawa. Ya kwangu ilikuwa bongo. Sasa niikale pa meza, mutoto wa miaka nane anicheke?"

"Hatakucheka."

"Huyu? Atacheka mpaka Kapolowe basikie."

Ni kweli, angecheka. Nilimhurumia, na huruma ikanichosha zaidi, kwa sababu hasira ningeweza kuitumia.

Nyumbani Mama alitaka kusikia yote. Mdogo wangu akamhadithia vibaya, kwamba Baba amepewa kaye kama zawadi. Mama akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Kumbe nilioleka na mwalimu na sikujua. Mwalimu, bukari iko tayari, nawa mukono." Kisha, akinipitishia sahani, akasema kwa sauti nyingine: "Na weye kula. Umekonda kama fagio." Baba akanawa, akala. Kaye ilikuwa juu ya kabati, na mara mbili niliona macho yake yakipanda huko.

Nililala mapema, bila kufungua kemia. Nilifikiri ningelia, lakini nililala tu.

Ijumaa niliamka saa kumi na moja na nusu asubuhi. Baba ni wa zamu ya asubuhi, kwa hiyo saa tisa alasiri angekuwa amerudi, na saa kumi na moja mapacha wangekuwa mlangoni. Yeye alikuwa nje ananawa. Niliwasha makaa kwenye jiko la mbabula, nikaweka maji ya chai, nikashusha kaye, nikaandika. Kwa mara ya kwanza sikuandika kwa Kifaransa. Niliandika, kwa jina la Baba:

Mwalimu, kuanzia leo watoto watatu nitawasikiliza mimi mwenyewe, saa kumi na moja. Kifaransa changu nilikiacha mwaka wa pili wa sekondari. Watoto wakinicheka, sawa. Mahali nitakapokosea, niandikie humu nijifunze nao. Binti yangu mkubwa ana mtihani.

Mahali pa sahihi sikugusa. Niliiacha kaye wazi juu ya viatu vyake vya kazi, kwa sababu hapo tu ndipo nilijua hawezi kupita bila kuinama. Kisha nikarudi kwenye mbabula na kuugeuzia mlango mgongo, maana uso wangu sikuuamini.

Nilimsikia akiingia. Nilimsikia akitafuta taulo, akikaa kwenye kile kiti. Kisha nikamsikia akisoma kwa mnong'ono mistari michache, na kuirudia. Nje teksi-basi ya kwanza ilikuwa inaita watu wa kiwandani. Yeye hupanda hiyo.

"Mama."

"Baba."

"Hapa pa 'wakinicheka, sawa'. Ni weye ulifikiri hivi ao ni minye nilisema?"

"Ni mimi nilifikiri."

"Hm."

Teksi-basi ikaondoka bila yeye. Chai ikaanza kuchemka, nikaiondoa motoni.

"Kalamu iko wapi?"

Nikamletea. Aliipokea bila kuinua kichwa, akaijaribu pembeni ya gazeti kuona kama inaandika. Sikukaa kuona ataandika ipi, ile ya mstari mmoja au ile yenye mkia, au kama atakata maneno yangu yote. Nilimwamsha mdogo wangu, nikatoka naye nje, nikamwosha uso kwa maji ya ndoo yaliyokaa nje usiku kucha, na alilalamika sana kwa sababu ya baridi.